Kumtafsiria Mama Maneno ya Mwanawe

Huku kwetu mpakani, mhubiri akisimama madhabahuni peke yake watu humwonea huruma. Humwona kama bwana harusi aliyekuja bila msimamizi. Mhubiri wa maana ana mkalimani pembeni. Yeye anasema sentensi moja kwa Kiingereza, mkalimani anairudia kwa Kiteso au Kiluhya au Kiswahili, na kama kanisa liko karibu na geti la mpaka, kwa Kiganda. Kwa njia hiyo mahubiri ya nusu saa yanakuwa ya saa nzima, na kila mtu anarudi nyumbani akiamini amelishwa neno zito. Haijalishi kama wote waliokaa kwenye mabenchi wanajua Kiswahili. Haijalishi hata kama mhubiri mwenyewe alizaliwa pale ng'ambo ya mto, na kitovu chake kimezikwa huko.

Nimefanya kazi hiyo ya ukalimani miaka kumi na minne. Siku sita za juma huwa niko Malaba, kwenye kibanda cha wakala wa forodha, najaza fomu za mizigo ya malori na kutukanwa na madereva wa kila taifa. Kiteso nilipewa na mama, Kiluhya na baba, Kiganda nilikiokota kwa wachuuzi wa ndizi, na Kiingereza niliingiziwa kwa kiboko. Siku ya saba ni ya wachungaji. Ijumaa jioni simu huanza: "Dada, uko free Sunday? Kuna mgeni mkubwa anakuja." Wageni wao wote ni wakubwa. Sijawahi kuitiwa mgeni mdogo.

Kazi yenyewe ina masharti. Mkalimani hasimami kama mlingoti. Mhubiri akiruka, unaruka. Akipiga goti, unapiga goti. Akinyoosha mkono kuwaelekeza watu wa nyuma, na wako unyooke. Akilia, unalia, hata kama hujui analilia nini. Nimerukaruka na viatu vya kisigino kwenye sakafu ya udongo mpaka kifundo cha mguu kikafura, na mhubiri hakugeuka hata kuniambia pole. Lakini nisijifanye malaika. Nilikuwa naipenda kazi ile. Nilikuwa na kiti changu cha mbele chenye kitambaa, soda yangu ilifunguliwa mara tu baada ya ile ya mgeni, na kina mama walionijua tangu nikiwa mtoto wa kamasi walianza kuniita mtumishi. Mtu hulewa hata kwa soda.

Sasa, wachungaji wa pande zetu wana ushirika wao. Wanakutana mara moja kwa mwezi Burumba, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa moja, na shabaha yake ni kusaidiana wao kwa wao na kuyasaidia makanisa madogo ya vijijini. Katiba yao inasema watabebeana mizigo. Najua kwa sababu niliitafsiri mimi. Nimekaa kwenye mikutano hiyo nikiandika kumbukumbu, na sijawahi kuona mzigo hata mmoja ukibebwa. Nimeona saa mbili zikiisha kwa kubishana kama mtu anayeitwa mtume aketi mbele ya mtu anayeitwa nabii, au nyuma yake. Nimeona mkutano ukivunjika kwa sababu jina la mmoja liliandikwa kwenye ratiba bila cheo.

Mwenyekiti wao ni askofu. Alianza kama mchungaji wa kawaida mjini Busia, kisha akawa mchungaji kiongozi, kisha akaenda semina ya siku tatu ng'ambo, yaani hapo Tororo tu, akarudi askofu. Pete ilikuja wiki iliyofuata. Kwao ni nyuma ya Angurai, na mama yake mzazi anaishi huko mpaka leo, lakini askofu alikuwa akituambia Kiteso kimemtoka. "Unajua nimekaa nje sana," alikuwa akisema. Hakuwahi kutaja hiyo nje ni wapi. Mimi nilimsikia siku moja akimfokea mtu aliyekuwa anavusha ng'ombe mbele ya gari lake. Kilikuwa Kiteso safi, cha ndani kabisa, chenye matusi ambayo hata mama yangu angeyafikiria mara mbili. Nilikaa kimya kwenye kiti cha nyuma. Jumapili hiyo hiyo nilimtafsiria kwa Kiteso kama kawaida.

Katika ushirika huo alikuwamo mzee mmoja mchungaji wa kanisa dogo lililo kati ya Kocholia na Angurai. Kanisa la kuta za udongo na paa la mabati, watu arobaini mvua ikikubali. Hakuwa na cheo kingine chochote, kwa hiyo kwenye mikutano alikaa karibu na mlango. Mke wake alipooza upande mmoja ghafla akipalilia mihogo, akapelekwa hospitali kubwa Eldoret. Hawakujaliwa watoto. Mgonjwa wa namna ile anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani, wa kumlisha, wa kumfuta, na wauguzi wana wagonjwa wengine. Mtu huyo alikuwa ni yeye, mumewe, peke yake.

Shida ilikuwa Jumapili. Kanisa lile halikuwa na mhubiri wa pili. Kila Jumamosi mzee alipanda gari kutoka Eldoret, akalala kwake, akahubiri, akarudi jioni, na siku mbili hizo mke wake alilala vile alivyoachwa. Mara moja alimkuta na kidonda mgongoni. Lakini angekosa ibada, watu wake wangetawanyika, maana pale sokoni palikuwa pamechipuka hema jipya lenye spika kubwa za kuweza kuvunja dirisha, na kondoo walikuwa wameanza kunusanusa. Na hema lile lilikuwa la nani? La mwanachama mwenzake wa ushirika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee akaandika ombi kwenye kundi la WhatsApp la wachungaji. Nililisoma. Halikuwa refu. Aliomba watu wanane wamshikie Jumapili nane, kila mmoja moja tu, ili akae na mke wake mfululizo hadi aruhusiwe kutoka. Hakuomba chakula wala nauli wala mfuko wa saruji. Aliomba watu wanane wasimame mahali pake, mmoja baada ya mwingine.

Majibu yalimiminika mpaka simu ikapata joto. Mikono ya maombi, mingine minne minne. "Amen mtumishi." "Hauko pekee yako man of God." "Shetani ameshindwa!" Mmoja alituma picha yake mwenyewe amepiga magoti, na ninashangaa mpaka leo ni nani aliyempiga picha ile. Hakuna aliyeandika: mimi nitachukua Jumapili fulani. Niliteremka na kidole changu hadi mwisho, nikapanda tena juu, nikidhani pengine nimeruka.

Baada ya wiki mbili askofu akatoa uamuzi. Ushirika utafanya ziara ya kumtia moyo ndugu yetu. Jumamosi, wachungaji wote, na bango. Bango lilichapishwa Busia mjini: picha ya askofu, kubwa, akitabasamu na mikono imekunjwa, na chini kabisa, kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiinama, jina la mzee mchungaji. Mke wake, aliyekuwa amelala Eldoret, hakutajwa. Mtu asiyejua angedhani anayeombewa ni askofu.

Tulifika na magari mawili, watu kumi na mmoja wa madhabahuni na mimi mkalimani. Kina mama wa kanisa walikuwa wameamka alfajiri kupika. Nilipita jikoni kuwasalimu, nikamuuliza mmoja kuku hao wote wametoka wapi. Akanijibu bila kunitazama, "Ni wa mama mchungaji. Mzee alisema tuchinje, hawezi kupokea wageni na mboga." Kwa hiyo watumishi wa Mungu walikuja kumtia moyo mtu ambaye mke wake amepooza, wakala kuku wa mgonjwa mpaka wakaisha bandani. Na bado palikuwa na manung'uniko madogo kuhusu firigisi, nani aliletewa sahani ya kwanza.

Ibada ilianza saa sita badala ya saa nne. Utambulisho peke yake ulimeza saa nzima. Kila mmoja alisimama, akataja cheo chake, akataja kanisa lake na matawi yake, mengine nayajua na ni kivuli cha mti tu, akaomba radhi kwa niaba ya mke wake ambaye hakuweza kufika, kisha akasema kwamba hatahubiri ila atasalimu tu, kisha akahubiri. Mimi nilitafsiri yote, nikiinuka na kukaa. Mzee mchungaji alikuwa ameketi pembeni na begi dogo jeusi miguuni, zipu imefungwa. Alikuwa ametoka Eldoret usiku ule, na alitaka kurudi siku hiyo hiyo, kama angepata sababu ya kutobaki hadi Jumapili. Nilijua anangoja kusikia kitu kimoja tu. Kila mtu mle ndani aliyekuwa na masikio alijua.

Kwenye benchi la pili, upande wa kina mama, alikuwa ameketi mama yake askofu. Ni mshirika wa kanisa hilo miaka mingi. Mzee mchungaji ndiye aliyemzika mume wake, ndiye humletea ushirika mtakatifu nyumbani magoti yakikataa kutembea. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na kitambaa cheupe, amenyooka, anamwangalia mwanawe.

Askofu akasimama, nami nikasimama ubavuni. Alifungua kwa kumsalimu mama yake, kwa Kiingereza. Hakumwambia hata "yoga", salamu ambayo madereva wageni kabisa wanaijua kabla hawajafika geti la Malaba. Alisema anamshukuru Mungu kwa ajili ya mama aliyemzaa na kumlea katika njia ya Bwana. Mama akamgeukia jirani yake. "Anasema nini huyu mtoto?"

Na mimi, mbele za watu na mbele za Mungu, nikamtafsiria mama salamu za mwanawe kwa lugha aliyomfundisha yeye mwenyewe. Mama akanitazama mimi, si yeye, akaitikia kwa kichwa. Niliona haya. Nilikuwa nimefanya mengi ya kipuuzi kwa miaka kumi na minne, lakini siku ile niliona haya usoni na mgongoni.

Askofu akahubiri. Aliruka mara tatu, nikaruka mara tatu. Alifika mwisho, akashusha sauti, akamgeukia mzee mchungaji. Akasema kwa Kiingereza kilichovaa suti, "Ndugu yetu mpendwa, hauko peke yako."

Nikalitafsiri. Hilo halikuwa na tatizo.

"Hawa watumishi wa Mungu wote unaowaona hapa," akaendelea, na akapitisha mkono wake wenye pete polepole juu ya safu ya viti vya mbele, kutoka mwanzo hadi mwisho, "wako nyuma yako. Popote utakapokuwa, tuko pamoja nawe katika roho."

Akanyamaza kunipisha. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinama anaangalia begi lake. Hasira ilinipanda kutoka kwenye kile kifundo kibovu hadi kwenye utosi. Katika roho! Mwanamke amelala Eldoret anangoja mkono wa kumgeuza, na hawa wamekuja kumpa roho. Nilivuta pumzi, nikanyoosha mkono kama inavyonipasa, na nikasema kwa Kiteso, kwa sauti kubwa kuliko ya askofu:

"Mchungaji, nenda leo ukakae na mke wako, usirudi hadi apone. Jumapili ijayo, si hii ya kesho, nitakuja mimi askofu mwenyewe kuhubiri hapa. Ya pili atakuja huyu." Nikaanza kupitisha mkono wangu juu ya safu ile ile aliyoipitia yeye. "Ya tatu huyu wa Malaba. Ya nne huyu. Ya tano yule mwenye miwani. Na kesho wazee wa kanisa wataongoza maombi." Niliwamaliza wanane wote, kila mmoja na Jumapili yake.

Kanisa lililipuka. Wazee walisimama. Wachungaji wale, ambao wote ni watu wa kusini na Kiteso hawakijui hata cha kuombea maji, walipoona watu wanashangilia wakadhani ni upako. Wakapiga makofi. "Amen!" walisema, huku nikiwaonyesha kidole mmoja mmoja. "Amen! Pokea!" Yule mwenye miwani aliruka kabisa kwenye kiti chake, akiwa ametoka kupewa Jumapili ya tano.

Mtu mmoja tu mbele pale alikuwa ameelewa. Niligeuza shingo kidogo nikamwona askofu. Mdomo ulikuwa wazi. Sentensi moja ya Kiteso ingetosha kunivua nguo mbele ya kanisa zima, na alikuwa nayo, najua alikuwa nayo, niliiona ikipanda kooni. Lakini angeisemaje, yeye ambaye Kiteso kimemtoka? Na kama angekanusha kwa Kiingereza, basi angekanusha kupitia kwangu. Kabla hajaamua, mama yake alikuwa amesimama kwenye benchi la pili akipiga kigelegele kirefu ambacho sikudhani kifua kile kizee kinaweza kukitoa. Alikuja mbele kwa magoti yake mabovu, akamshika mwanawe mikono yote miwili, akamshukuru mbele ya watu wote. Askofu akafunga mdomo. Akatabasamu kama kwenye bango.

Baada ya chakula alinivuta nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Akanisemesha Kiteso, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Kwa nini umenitia maneno mdomoni?"

"Pole, askofu," nikamjibu kwa Kiingereza. "Sikujua unakielewa Kiteso. Nikuitie mkalimani?"

Aliniambia sitatafsiri tena kwenye madhabahu yoyote kati ya Busia na Malaba. Nikamwambia asante, miguu yangu itapumzika.

Wengine waliambiwa walichokiitikia amina tulipokuwa tunapanda magari. Palikuwa na kelele. Mmoja alisema huo ni utapeli wa kiroho, mwingine akasema Jumapili hiyo ana kongamano, ingawa hakuwa amekumbuka kuuliza ni Jumapili ipi. Mwenye miwani alikasirika kuliko wote, kwa sababu hema la sokoni lilikuwa lake. Ni mchungaji wa Malaba tu aliyecheka, mtu mfupi mwenye kanisa la mbao nyuma ya maegesho ya malori. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Dada, wewe ni mbaya! Yangu umesema ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu." Akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Na alikuja, ya tatu na tena ya sita, kwa bodaboda, suruali imejaa matope hadi magotini, hajui Kiteso hata neno. Ndiye mhubiri pekee niliyewahi kumtafsiria ambaye alinihitaji kweli.

Mzee mchungaji hakungoja magari yetu yaondoke. Alichukua begi lake jeusi, akaagana na wazee wake wa kanisa, akapita mbele yangu akasema asante, akaenda barabarani kutafuta gari la Eldoret.

Jumapili ya askofu ilipofika sikuweza kukaa nyumbani. Nilipanda pikipiki asubuhi nikaenda huko kanisani, najiambia naenda kuona tu. Watu walikuwa wamejaa. Mama yake askofu alikuwa amekitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe anakuja kuhubiri nyumbani, na walikuja hata waliokuwa wamehamia hemani. Walikuwa wamemwekea kiti chenye kitambaa. Saa nne ikapita. Saa tano tukaimba nyimbo zote tunazozijua. Saa tano na nusu simu yangu ikalia, na jina lake likatokea.

Mama yake alikuwa ameketi karibu nami. "Ni yeye? Nipe nimsikie."

Nilibonyeza spika nikaishika simu katikati yetu. Askofu hakungoja nimwitikie. Aliongea Kiteso, haraka na kwa sauti ya chini, kwa sababu bila shaka pale alipokuwa palikuwa na watu ambao hakutaka waelewe. Kanisa zima lilimsikia.

"Sikia, waambie nimepatwa na dharura ofisini. Waambie roho yangu iko nao. Wewe unajua kupanga maneno, panga yoyote."

Mama yake akaisogelea simu kama mtu anayechungulia kisima.

"Mwanangu."

Simuni ikaja sauti nyingine kabisa, ndogo: "Mama?"

"Tumekusikia wote, na tumekuelewa. Baki na dharura yako. Lakini siku ukija kwangu, usije na mtu wa kukusemea."

Akanirudishia simu, hajui kuikata, nikaikata mimi. Kisha akanigeukia, na nilikuwa nimeshaandaa huruma yangu kwa ajili yake, lakini hakuitaka.

"Na wewe. Siku ile hakusema atakuja, sivyo? Mimi Kizungu sikijui, lakini uso wa mtoto wangu naujua. Nilipiga kigelegele haraka kabla hajapata mahali pa kutokea. Nilidhani ataona haya. Hakuona. Haya, simama wewe. Ni wewe uliyewaambia hawa watu kutakuwa na mhubiri."

Nilisimama. Nilifungua Biblia mahali ilipofunguka. Nimesema maneno ya wahubiri wangapi, na siku ile nilikuwa mtupu kama debe. Kibaya zaidi, kwa mazoea, nilikuwa nikisema sentensi moja nanyamaza, nangoja mtu mwingine aseme ya pili. Watu wakawa wananingoja mimi. Nilikuwa nimewacheka wachungaji miaka kumi na minne, mbele yao nikiwaita baba askofu na nyuma yao nikiwachambua kama mchele, na sikuwahi kujiuliza mimi ningesema nini. Nilisema kuhusu mgonjwa na mtu anayemgeuza. Dakika kumi na mbili. Sikuruka hata mara moja. Babu mmoja aliniambia mlangoni kwamba yalikuwa mafupi, na akashukuru.

Alasiri hiyo, nikiwa bado kwenye uwanja wa kanisa nangoja pikipiki, mzee mchungaji alinipigia kutoka Eldoret. Nilisikia vyombo vya chakula vikigongana nyuma yake wodini.

"Dada, ibada imeendaje? Askofu alifika?"

Ningeweza kusema alifika. Nilikuwa mzoefu. Lakini nilichoka ghafla, nikamwambia ukweli wote, kwamba askofu hakuja, na hakuwahi kusema atakuja, wala hakuwapangia wenzake Jumapili yoyote. Nilimwambia maneno yale niliyatia mimi. Nikangoja aniambie anarudi na gari la jioni.

"Najua," akasema.

"Unajua vipi, mzee?"

"Dada, kabla ya kazi hii nilifundisha Kiingereza darasa la nane miaka ishirini na miwili. Alichosema yule nilikisikia neno kwa neno."

Karibu niangushe simu. "Sasa mbona ulichukua begi ukaondoka? Mbona uliwaacha watu wako kwa ahadi ambayo hakuna aliyeitoa?"

"Wewe uliitoa," akasema, bila ukali wowote. "Sikuondoka kwa ajili ya aliyosema yeye. Niliondoka kwa ajili ya uliyosema wewe."

Kisha akaomba radhi, akasema ni saa ya kumgeuza mgonjwa, akakata simu.